Ngoma Isiyosifiwa: Juu ya Ufundi wa Pigo Lisilogeuka

Atakaye kujua watu hustahi nini katika ngoma, na asikilize maneno wayatumiayo kuisifu. Katika Kiswahili husifiwa mpigaji ajuaye kupamba, ajuaye kugeuza, ajuaye kuwainua walioketi. Sifa hizo zote zamwendea mtu mmoja, naye ni fundi wa ngoma kubwa. Yule wa pili, aketiye kando yake na kupiga pigo lile lile tangu magharibi hata alfajiri, hana fungu katika sifa hizo. Akitajwa, hutajwa siku ile alipoliacha pigo lake. Hata majina ya ngoma za pwani yaonyesha jambo hilo. Vumi imeitwa hivyo kwa sababu ya kuvuma kwake. Chapuo ni ngoma ndogo iendayo mbio, na jina lake ni ndugu wa tendo kuchapua, ndiyo maana twasema "kutia chapuo" tukitaka kazi iharakishwe. Kishindo kina jina, na haraka ina jina. Lakini kwa ile kazi ya kulishika pigo moja bila kulipunguza wala kuliongeza, twasema tu kwamba mtu "anaitikia".

Labda mzizi wa kosa umo katika maneno mawili ambayo hata walimu huyachanganya, yaani sahili na rahisi. Kitu sahili ni kile kisicho na mambo mengi ndani yake; kitu rahisi ni kile kisichotaka jitihada. Jembe ni chombo sahili, wala hakuna mkulima atakayesema kwamba kulima ni rahisi. Pigo la ngoma ya kuitikia ni sahili, pengine mapigo mawili na kimya kimoja, na mtoto wa miaka sita aweza kulipata kwa muda wa kuhesabu kumi. Kulishika kwa saa tatu, katikati ya ngoma nyingine zinazolivuta huku na huko, ni jambo jingine. Nalo ndilo tutakalo kulipima hapa, maana twaona kwamba katika vitabu, katika mashindano ya shule, na hata katika kwaya zetu, limehukumiwa isivyo haki.

Tuanze na vitabu. Kasisi A. M. Jones, aliyekuwa mkuu wa chuo cha walimu cha St Mark's huko Mapanza, katika nchi iitwayo leo Zambia, alitoa mwaka 1959 kitabu chake cha juzuu mbili, Studies in African Music. Yafaa kila mwalimu afundishaye nyimbo akijue. Jones hakutosheka na masikio yake; alitumia chombo cha umeme kilichotia alama juu ya karatasi iendayo, kila mpigaji alipogusa, hata mapigo ya watu wawili au watatu yakaonekana kwa macho, lipi limetangulia na lipi limefuata. Kwa ngoma za Waewe, walio Ghana na Togo, alisaidiwa na Desmond Tay, fundi wa ngoma wa kabila hilo. Ni kazi ya heshima, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Lakini tukiisoma juzuu ya pili, iliyojaa maandiko ya ngoma hizo, twaona upesi moyo wa mwandishi uko wapi. Uko kwa ngoma kubwa iongozayo, ambayo kila mgeuko wake umefuatwa kwa uangalifu mwingi. Kagan, iliyo ndogo kuliko zote, ina mstari wake, nao ni ule ule tangu mwanzo hata mwisho. Jicho la msomaji huteleza juu yake kama linavyoteleza juu ya mistari mitupu ya daftari.

Basi tuutazame mstari huo kidogo. Katika ngoma iitwayo Agbadza, mguu wa mchezaji ukanyagapo, kagan hunyamaza. Kisha hugonga mara mbili upesi. Kisha mguu hukanyaga tena, nayo hunyamaza tena. Pigo lake haliko kamwe pale mwili utakapo liwe. Mwanafunzi akijisahau, akaufuata mwili wake, pigo la kwanza kati ya yale mawili huteleza polepole mpaka mahali pa mguu, na tangu hapo hajui tena kwamba amepotea, kwa kuwa mikono yake bado yapiga mapigo yale yale mawili. Akisikilizwa peke yake hana kosa. Akisikilizwa pamoja na kengele na ngoma nyingine, amekwisha kuipindua ngoma nzima. Karatasi ya Jones yaonyesha kwa uaminifu fimbo ilishuka wakati gani. Haiwezi kuonyesha nguvu iliyotumika kuizuia isishuke mapema. Na ufundi wa kagan, kwa sehemu iliyo kubwa, ni huo wa kuzuia.

Tena kuna jambo la sauti yenyewe, ambalo halimo katika karatasi yoyote. Mpigaji aongozaye akiugonga ukingo wa ngoma badala ya kati, msikilizaji hudhani ni pambo. Mpigaji wa pigo moja hana kimbilio hilo. Mkono wake wa kushoto ukiwa dhaifu kuliko wa kulia, udhaifu utasikika mara elfu. Ngozi ikilegea kwa ubaridi wa usiku, yeye ndiye wa kwanza kuusikia ulegevu huo, kwa sababu hairudii sauti yoyote ila ile moja, na yeye ndiye apaswaye kuomba ngoma ipelekwe motoni.

Sasa tuje karibu zaidi, katika Buganda, ambako jambo letu lina uzito wa namna yake kwa sababu ya lugha. Ngoma za baakisimba huenda pamoja nne: embuutu, iliyo kubwa na yenye kuongoza, empuunyi, nankasa, ndogo, ipigwayo kwa vijiti, na engalabi, ndefu, iliyowambwa ngozi ya kenge. Jina la ngoma yenyewe husimuliwa kwamba latokana na sifa alizozitoa Kabaka kwa wale waliopanda mgomba, maana okusimba kwa Kiganda ni kupanda, na mikono ya wapigaji ikalichukua neno lile. Kisa hicho huwaendea wapigaji wa embuutu. Empuunyi haina kisa. Kazi yake ni pigo la msingi, lenye kurudi sawasawa, ambalo juu yake embuutu husema na miguu ya wachezaji hukanyaga.

Lakini je, pigo hilo hushika nini? Hapa ndipo mwalimu wa lugha aonapo zaidi ya mwalimu wa muziki. Kiganda ni lugha ambayo urefu wa irabu hubadili maana. Okusika ni kuvuta. Okusiika ni kukaanga. Katika nyimbo za asili za Waganda silabi fupi hupewa nafasi moja na silabi ndefu hupewa mbili, kama walivyoonyesha Francis Katamba na Peter Cooke mwaka 1987 walipouchambua wimbo wa kale uitwao Ssematimba ne Kikwabanga. Maana yake ni kwamba nafasi zile, zilizo ndogo na zilizo sawa, ndizo kipimo cha neno. Kama nafasi moja yapungua na nyingine yaongezeka, msikilizaji hana tena njia ya kujua kama amesikia irabu moja au mbili. Kwa hiyo mpigaji wa empuunyi hapimii miguu tu. Awapimia waimbaji maneno yao, kama muuzaji apimavyo kitambaa kwa ufito. Ufito uwe mfupi leo na mrefu kesho, hapo pana dhuluma, hata kama kitambaa ni kizuri. Sisi tusemao Kiswahili hatulioni jambo hili upesi, kwa sababu lugha yetu huweka mkazo wake mahali pamoja, kwenye silabi ya pili toka mwisho, na neno husamehe mengi.

Twayasema haya tukizikumbuka kwaya. Ngoma imekaribishwa kanisani, na ni vema. Joseph Kyagambiddwa, katika oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda ya mwaka 1964, alijenga kazi kubwa juu ya nyimbo na mapigo ya Kiganda. Lakini tumesikia kwaya nyingi ambazo huanza wimbo kwa mwendo wa kadiri, na ubeti wa tatu ukifika, mwendo umekuwa wa mtu akimbiaye mvua. Kiongozi wa kwaya hulaumu waimbaji kwamba wanameza maneno. Hawakuyameza, wamenyang'anywa. Mpigaji wa ngoma ndogo alitiwa moto na vigelegele vya akina mama, akaharakisha kidogo. Ngoma kubwa ikamfuata, au yeye akaifuata, na silabi ndefu ndizo zilizolipa gharama.

Mfano mkubwa kuliko yote wa ufundi huu ulikuwa ngoma za entenga, zilizokuwa za jumba la Kabaka huko Mengo. Zilikuwa ngoma 15. Kati yake 12 ziliwambwa kwa sauti zinazopandana, hata zikaweza kupiga wimbo, nazo zilipigwa na watu wanne kwa fimbo nyembamba. 3 zilizobaki zilikuwa za watu wawili. Kanuni yake ni ile ya marimba ya amadinda, yenye mbao 12 na wapigaji watatu, nasi tutaieleza kwa marimba kwa kuwa hueleweka upesi zaidi.

Mpigaji wa kwanza huitwa omunazi. Yeye hupiga mfululizo wa mapigo yaliyo sawasawa kabisa, bila kimya na bila kigeugeu chochote. Wa pili ni omwawuzi, na jina lake latoka katika okwawula, yaani kugawanya. Huketi upande wa pili wa mbao, akimkabili mwenzake, na mapigo yake, nayo sawasawa kabisa, huyaingiza katika nafasi zilizo katikati ya mapigo ya yule wa kwanza. Kila mmoja hupiga mara nne au tano katika sekunde moja. Wote wawili pamoja, basi, huzifanya mbao zilie mara nane hata kumi. Wa tatu, omukoonezi, huzisikiliza zile sauti mbili za chini kila zitokeapo katika mchanganyiko huo, akazirudia juu kwenye mbao mbili za mwisho. Asiyejua asikiapo, hudhani kwamba anasikia wimbo wenye kupinda na kurukaruka, wenye mapigo mafupi na marefu, na pengine nyimbo mbili au tatu kwa wakati mmoja. Akitazama mikono, haoni ila watu wapigao sawasawa kama watwangao kinu kimoja kwa michi miwili.

Gerhard Kubik, aliyefundishwa kazi hiyo mjini Kampala tangu mwaka 1959 na Evaristo Muyinda, mpigaji wa zamani wa jumba la Kabaka, aliandika mwaka 1960 juu ya siri hiyo. Sikio hukusanya sauti za juu pamoja na za chini pamoja, na kutoka katika makundi hayo husikia lahani ambazo hakuna mpigaji hata mmoja azipigazo. Twaona ugunduzi huo ni mkubwa. Ila wengi waliousoma wameshangazwa na lahani zile za ajabu, wakasahau sharti lake. Lahani hizo hutokea tu ikiwa mistari ile miwili ni sawasawa. Omwawuzi akichelewa kwa kiasi cha unywele, sikio hutambua kwamba kuna watu wawili, na ajabu yote hufa pale pale, hubaki mlio wa mbao.

Na omwawuzi afanyaje? Mgeni aliyezoea kuhesabu atajitahidi kuyasikia mapigo ya mwenzake kuwa ndiyo msingi, na yake kuwa ya katikati. Kwa mwendo ule hawezi. Atashindwa kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Wenyeji hawafanyi hivyo. Kila mmoja huyashika mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo msingi, na ya mwenzake kuwa ndiyo ya katikati. Watu wawili wameketi kwenye ala moja, wanapiga wimbo mmoja, na kila mmoja anasimama juu ya ardhi yake. Hili ni jambo gumu la akili kabla halijawa la mikono. Kumsikiliza mwenzako kwa makini na papo hapo kukataa kuvutwa naye, twajua ni kazi ya miaka. Nalo hufanywa kwa mapigo ambayo, yakiandikwa, mtoto angeyaona ni mchezo.

Huko Burundi mpango ni mwingine, nao watufaa kwa kusahihisha mawazo ya cheo. Neno ingoma kwa Kirundi lamaanisha ngoma na ufalme pia. Ngoma kubwa, zilizochongwa katika mti uitwao umuvugangoma, husimamishwa kwa mviringo wa nusu. Katikati ipo inkiranya. Nyuma yake zipo amashakwe, zenye pigo lisilokatika, na ibishikizo, zenye kuifuata inkiranya. Wapigaji hutoka safuni kwa zamu, wakaenda mbele kwenye inkiranya, wakacheza na kuruka, kisha hurudi mahali pao. Aliyeruka sasa hivi atapiga pigo lisilokatika baada ya kitambo kidogo, na atakayeruka ni yule aliyekuwa akilipiga. Hakuna aliyezaliwa kuwa wa nyuma. UNESCO iliiandika ngoma hiyo mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, na wageni wengi huzipenda zile ruka za mbele. Lakini ilipotolewa huko Ufaransa, mwaka 1971, sahani iitwayo Burundi Black, ambamo ngoma zilizonaswa nchini ziliongezewa piano na magitaa, ruka hazikuweza kuingia katika sahani. Kilichoingia, na kilichowashika wasikilizaji wa Ulaya, ni mngurumo wa safu.

Turudi shuleni. Mwalimu ana ngoma nne na watoto thelathini. Mtoto hodari kuliko wote humpa ngoma kubwa. Wa pili humpa vijiti. Na yule asiyejua kuimba, asiyejua kucheza, ambaye hata hivyo hana budi apewe kitu, humkalisha kwenye ngoma ya pigo moja. Siku ya mashindano ngoma huanza vizuri, halafu hulegea, halafu hukimbia, na waamuzi huandika kwamba wachezaji hawakupatana. Mtoto wa ngoma kubwa hupata sifa hata hivyo, kwa kuwa alipamba sana. Na alipamba sana kwa sababu hakuwa na pa kukanyaga. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, wakiwanenea watu wa choyo. Mwenye ngoma kubwa aweza kuvutia kwake kidogo na ngoma isiharibike. Mwenye ngoma ndogo akivutia kwake, ngozi hupasuka.

Tungependa kuona waamuzi wakiisikiliza ngoma hiyo peke yake kwa muda, kabla ya kutazama njuga na mavazi, na kuiwekea alama zake. Tungependa pia mtoto hodari aanzie hapo. Asiyewahi kukaa kwenye empuunyi mwaka mzima hajui embuutu inajibu nini, na mapambo yake yatakuwa kama maneno ya mtu asemaye katika simu iliyokatika. Kuna walimu watakaosema kwamba mtoto hodari atachoka. Ndiyo, atachoka. Atakapopita uchovu huo ataanza kusikia, na hakuna njia nyingine tuijuayo ya kumfikisha huko.

Kwa habari ya entenga, tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yalilishambulia jumba la Mengo, Kabaka akakimbia nchi, na wapigaji wa jumba lake wakatawanyika. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, lakini wapigaji wengi walikuwa wamekwisha kufa. Zilikuwapo sahani, kwa kuwa Hugh Tracey alinasa muziki wa jumba hilo mwaka 1950 na mwaka 1952, na mtu akizisikiliza leo husikia wimbo mzima, mzuri, usio na ila. Hapo ndipo taabu ianzapo. Ule aupatao kwa sikio ni wimbo wa watu wote pamoja, na kijana ajaribuye kuupiga kama ausikiavyo hugundua kwamba hakuna mkono uwezao kuupiga, wala hakuna mkono uliopata kuupiga. Ndiyo maana katika miaka ya 2010, juhudi za kuzirudisha ngoma hizo zilipofanywa, sahani hazikutosha, ikahitajika kumwendea mzee aliyekuwa amesalia miongoni mwa wapigaji wa Mengo, kwa sababu yeye alikuwa amekaa miaka mingi mahali pamoja katika safu ile, na alijua mkono wake ulipita wapi.